Mwanafizikia Aliyeipima Insulini

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Rosalyn Yalow, aliyetunukiwa Nobel ya tiba kwa utafiti uliohusu insulini, hakuwa daktari. Iliwezekanaje?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji, shahada yake ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1945, ilikuwa ya fizikia. Katika hospitali ya maveterani ya Bronx, New York, yeye na daktari Solomon Berson waliitia insulini, homoni inayodhibiti sukari damuni, alama ya iodini yenye mnururisho, wakawadunga watu, kisha wakawatoa damu mara kwa mara ili waone imebaki kiasi gani. Kwa wagonjwa waliokwisha kutibiwa kwa insulini ya wanyama, ilikawia kuondoka, kwa sababu miili yao ilikuwa imetengeneza kingamwili, yaani protini za kujikinga na vitu vigeni, zilizoing'ang'ania. Wakaguzi wa jarida la kisayansi hawakuamini, na makala ilichapishwa mwaka 1956 baada tu ya neno “kingamwili” kuondolewa kwenye kichwa chake. (Barua ya kukataliwa Yalow aliitunza, akaja kuionyesha katika mhadhara wake wa Nobel!) Kung'ang'aniana huko ndiko kulikowapa njia ya kupima homoni iliyomo damuni kwa kiasi kidogo mno: homoni ya damuni hushindana na ile yenye alama kushikwa na kingamwili, hivyo kadiri ilivyo nyingi, ndivyo yenye alama inavyoshikwa kidogo. Tuzo ilikuja mwaka 1977. Berson, aliyefariki mwaka 1972, hakuipata, kwa kuwa Nobel haitolewi kwa marehemu.