Wolai kabla ya kutaga: achana na boti, nenda kwenye mawe

Kijana mmoja wa Omaha, Nebraska, kaona picha niliyoiweka wiki jana ya wolai (walleye, samaki wa mito na maziwa ya huku Amerika Kaskazini), akaniandikia: "Kaka, na mimi nataka samaki kama huyo, ila sina boti na nyumbani kuna mtoto mchanga. Nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu kwa ujumbe, jibu likarefuka, nikaona niliweke hapa. Najua wengi wenu mlioko huku Marekani mna hamu hiyohiyo, mnaona tu aibu kuuliza.

Mimi ni mtoto wa Mwanza, sasa naishi Wichita, Kansas. Nimekua naona taa za wavuvi wa dagaa usiku, na sangara nimewaosha kabla sijajua kuandika jina langu. Kwa hiyo mtu akiniambia siwezi kuvua, ananitafuta ugomvi. Na nilitafutwa. Mwaka wangu wa kwanza huku niliingia duka moja la chambo nikauliza habari za wolai. Muuzaji akanitazama viatu, akasema bila boti na mashine ya kuonyesha samaki nitaambulia mafua. Wenzake waliokuwa wanakunywa kahawa wakacheka. Nililipia ndoano zangu nikatoka. Kicheko kile bado ninacho, na kila Machi kinaniamsha kabla ya saa ya mezani.

Navua Cheney, magharibi mwa Wichita. Ni bwawa lililojengwa miaka ya 1960 kwenye Mto Ninnescah wa Kaskazini, na maji tunayokunywa mjini sehemu kubwa yanatoka huko. Tuta lake ni la udongo, refu, na upande wa maji limepangwa mawe makubwa ili mawimbi yasilile. Hayo mawe ndiyo siri yote. Wolai hajengi kiota wala halindi mayai. Anayamwaga tu juu ya mawe au changarawe, yanaingia kwenye nyufa, na maji yanayotembea yanayapa hewa. Yakianguka kwenye tope yanakufa. Sasa zunguka mabwawa ya Kansas uone ufuko ulivyo: tope na mchanga kwa sehemu kubwa. Mawe mazuri yamewekwa na binadamu, tena kwenye tuta ambalo unalifikia kwa miguu. Wenye boti zao wanazunguka ziwa zima, halafu samaki wanakuja kwenye viatu vyangu, vilevile alivyovitazama yule bwana.

Wakati gani? Usitazame kalenda, pima maji. Barafu ikishaondoka na maji yakifika kama digrii 40 za Farenhaiti, yaani 4 hivi za Selsiasi, madume yanaanza kusogea. Kutaga kwenyewe kunapamba moto kati ya 45 na 50. Huku kwetu hiyo ni Machi mpaka mwanzoni mwa Aprili. Ninyi wa Nebraska mtachelewa kidogo. Mimi nafunga kipimajoto cha bei ya chini kwenye kamba, nakitupa kati ya mawe, nasubiri, nakivuta. Madume ndiyo yanayotangulia na ndiyo yanayokaa muda mrefu. Ukimshika mmoja ukaona majimaji meupe yanamtoka tumboni, ujue uko mahali penyewe. Majike, yale makubwa, hubaki kwenye maji ya kina karibu na tuta, yanapanda usiku, yanataga, yanaondoka.

Na usiku ndio wenyewe. Jicho la wolai lina utando nyuma unaorudisha mwanga, ndiyo maana ukimmulika linang'aa kama la paka. Gizani yeye anaona, kisamaki anachokiwinda hakioni. Kwa hiyo jua linapozama, watu wanapokunja viti, wewe ndiyo kwanza unafunga mshipi. Kama kuna upepo unaopiga mawimbi kwenye tuta, usikimbie. Maji yaliyochafuka kidogo yanamtia ujasiri, anakuja mpaka kina cha magotini.

Vifaa visikuumize kichwa. Jigi ndogo (ndoano yenye kichwa kizito cha risasi) yenye mkia wa plastiki, au samaki bandia mwembamba anayeelea katikati ya maji. Usirushe mbali kuelekea katikati ya ziwa, hapo unavua hewa. Simama, rusha sambamba na tuta, vuta polepole. Ukidhani umevuta polepole, punguza tena. Maji ni baridi na samaki hana haraka. Huyo wa kwenye picha hakugonga hata kidogo. Mshipi ulikuwa unasuguana na mawe kama kawaida, tik, tik, halafu ukawa mzito, kama nimenasa tambara bovu. Nikainua fimbo, tambara likatikisa kichwa. Mara mbili, taratibu, lenye dharau. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, rili inaganda barafu, na mimi nilikuwa naongea Kisukuma peke yangu gizani.

Polepole, nasema. Vijana wetu hatuna shida ya vifaa, tuna shida ya kukaa. Mtu anarusha nusu saa, anapiga picha ya machweo, anarudi kwenye gari kuwasha hita, kesho anasema ziwa halina samaki. Ziwa linao. Wewe ndiye hukuwapo walipofika.

Leseni kata, ukishatimiza miaka 16 hakuna mjadala. Soma pia kanuni za bwawa lenyewe, maana zinatofautiana. Cheney wolai wa kubeba awe na inchi 21, na sababu ipo: bwawa lilivamiwa na samaki wageni waitwao white perch, na wolai wakubwa ndio wanaowala. Nimewahi kurudisha mmoja aliyepungukiwa na upana wa kidole, huku jamaa pembeni ananiambia nani atajua. Usihamishe chambo hai wala maji ya ndoo kutoka ziwa moja kwenda jingine. Kome wadogo wa kigeni walisambaa hivyohivyo. Jike lililojaa mayai mimi huliachia hata kama kanuni inaruhusu. Hiyo ni yangu, silazimishi mtu.

Mawe yanateleza na maji hayo yanaua, kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama unavua kutoka nchi kavu. Taa iwe ya kichwani, usiimulike kwenye maji.

Na kuhusu mtoto mchanga, mdogo wangu: mlaze, muage mama yake vizuri, nenda kuanzia saa mbili mpaka saa tano usiku. Hizo ndizo saa za wolai, na nyumbani wote wamelala. Ukifika na minofu, ikaange kwa chumvi, ndimu na pilipili manga. Usiitie viungo vingi, nyama yake ni tamu yenyewe.