Barua kwa mwanangu: kilo nane na gramu mia nne

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Umeniuliza, "Mama, niambie ukweli, mtoto wangu ana uzito pungufu?" Unasema ametimiza miezi 15 na mzani umesoma kilo 8.4. Unasema mtoto wa jirani yako, aliyezaliwa mwezi mmoja baada ya wako, ameshafika kilo 11. Unaona mbavu zake ukimwogesha. Na shangazi yake alipomnyanyua juzi alisema mbele za watu, "Huyu mbona mwepesi hivi, mnamlisha kweli?" Najua hilo la mwisho ndilo lililokuliza. Niliambiwa maneno hayohayo nikiwa nimekubeba wewe, na mpaka leo naweza kukuonyesha mahali niliposimama.

Umefanya vizuri kunitumia picha ya kadi yake ya kliniki. Asubuhi hii nimekaa nayo, nikazinakili doti zote kwenye karatasi. Alizaliwa na kilo 2.8. Miezi sita, 6.5. Miezi tisa, 7.3. Mwaka, 7.9. Sasa 8.4. Doti hizo zote ziko chini ya mstari wa katikati, hilo ni kweli. Lakini ziunganishe kwa kalamu uone: zinapanda zikiwa zimeshikilia njia ileile tangu alipozaliwa. Mtoto wa kike wa miezi 15 aliye katikati kabisa ana kilo 9.6. Mpaka ambao mtoto akishuka chini yake ndipo anahesabiwa kuwa na uzito pungufu, kwa umri huo, ni kilo 7.6. Wako yuko gramu 800 juu ya mpaka. Mimi ninachokiona hapa ni mtoto mwenye umbo dogo anayekua kwa mwendo wake.

Najua muuguzi alikwambia vivyo hivyo na bado hukulala. Tatizo nadhani ni huo mstari wa katikati. Watu tunauona tukafikiri ni alama ya kufaulu, kwamba aliye chini yake amefeli. Maana yake ni kwamba nusu ya watoto wenye afya njema wako juu yake na nusu wako chini. Mistari hiyo ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto wapatao 8,500 katika nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri, wasio na shida ya chakula, ambao mama zao hawakuvuta sigara. Yaani wote walikuwa watoto wanaotunzwa, na bado miongoni mwao kulikuwa na wanene na wembamba, wakubwa na wadogo. Hata chini ya ule mpaka nilioutaja walikuwapo wawili watatu katika kila mia. Kwa hiyo hata mtoto akishuka pale, inakuwa ni sababu ya kumchunguza, haijawa hukumu.

Namba ya siku moja haina cha kukueleza, mwanangu. Mtoto wa kilo 11 na mtoto wa kilo 8.4 wanaweza wote kuwa wazima, na wanaweza wote kuwa na shida. Kinachosema ni mwelekeo. Nakwambia hili kwa sababu nimelea watoto wawili na nikakosea kwa wote, kila mmoja kwa upande wake.

Kwako wewe nilikosea kwa hofu. Ulikuwa mdogo kama huyu wako, karibu doti kwa doti. Nilipoambiwa silishi, nikaanza kukulazimisha. Nilikuwa nakubana mashavu kwa vidole viwili mdomo ufunguke, naingiza kijiko, kinagonga meno. Wewe ukagundua dawa yake: unapokea, hutafuni, humezi, unakihifadhi shavuni. Siku moja umelala mchana nikaona shavu moja limetuna. Nikaingiza kidole polepole, nikatoa donge la chakula cha asubuhi, limekauka kwa nje, saa nne baadaye. Nilitetemeka. Lingeweza kukupalia usingizini nami niko jikoni nikijisifu kwamba leo umekula. Baada ya hapo ukawa ukiona tu bibu unalia.

Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyenituliza. Aliniuliza nakulisha vipi, nikamweleza bila kuficha. Akasema, "Kazi yako ni kuleta chakula kizuri kwa wakati wake. Kula ni kazi yake. Ukimpora kazi yake, ataiacha." Nilirudi nyumbani nikafanya hivyo kwa woga mwingi. Siku tatu za kwanza ulikula vijiko vinne vitano tu, nami nikajizuia. Wiki ya pili ukaanza kunyoosha mkono kwenye sahani yangu.

Kwa mdogo wako nilikosea kwa kutohofu. Huyo alikuwa na mashavu ya duara, kila mtu akimsifu. Alipenda maziwa kupita kiasi, kikombe baada ya kikombe, na nilifurahi kwa sababu nilitoka kwako wewe uliyekuwa unakataa kila kitu. Kuanzia miezi 16 mstari wake ulilala. Hakupungua hata gramu, ila mwezi wa kwanza hakuongeza, wa pili hakuongeza, wa tatu hakuongeza. Sikujali, kwa sababu alikuwa bado juu ya mstari wa katikati! Alipopimwa damu ndipo ikajulikana ana upungufu wa damu. Maziwa yalikuwa yanamshibisha na kumnyima nafasi ya chakula chenye madini ya chuma, na maziwa yenyewe hayana chuma ya kutosha. Alipewa dawa, maziwa yakapunguzwa, na mstari ukaamka. Huyo ndiye aliyekuwa mgonjwa kati yenu wawili, na hakuna shangazi aliyesema neno.

Kwa hiyo unapoitazama kadi, angalia kama mstari unapanda. Ukilala miezi miwili mitatu mfululizo, au ukiteremka kutoka njia moja kwenda njia ya chini yake, hapo uliza maswali, hata kama mtoto ni mnene. Kuna watoto ambao huhama njia taratibu katika mwaka wa kwanza na nusu hivi, kwa mfano aliyezaliwa mkubwa kwa wazazi wenye maumbo madogo, kisha wakatulia kwenye njia yao. Lakini hilo mwachie daktari aamue, wewe na mimi tusijipe moyo kwa kubahatisha.

Sasa, hamu ya kula. Umeandika kwamba zamani alikuwa anamaliza bakuli na tangu alipotimiza mwaka anachezea tu. Hesabu nawe uone. Mwaka wa kwanza mtoto wa kike wa katikati huongeza karibu kilo sita. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili na nusu hivi. Mwendo umepungua zaidi ya nusu, basi na njaa haiwezi kuwa ileile. Wakati huohuo ndiyo amejifunza kutembea, dunia imemfungukia, kukaa mbele ya bakuli ni kumpotezea muda. Siku moja atakula kama mtu mzima, kesho yake atadonoa kama kuku. Hesabu wiki, usihesabu mlo.

Kuhusu hicho unachompa, nina jambo moja la kukurekebisha, na usinikasirikie. Uji wake niliuona mlipokuja: mwepesi mno, unamiminika kama chai. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake mara mbili tatu. Ukilijaza maji, limejaa, na nguvu hakuna. Ufanye mzito ukae juu ya kijiko bila kudondoka, na kila bakuli utie kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa laini kabisa au yai lililoiva. Hapo umeongeza nguvu bila kuongeza wingi. Apate mlo mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo mara moja au mbili katikati. Kunyonya aendelee, ila chakula kwanza, ziwa baadaye. Juisi achana nayo. Na mle pamoja, mbele ya macho yake, bila simu. Chakula kipya akikitema usikifute kwenye orodha. Kuna watoto wanaohitaji kukutana nacho mara kumi na zaidi kabla ya kukikubali. Baada ya nusu saa hivi ondoa sahani, usiseme kitu, usimfuate nyumba nzima na kijiko.

Mzani nao una hila zake. Nepi iliyolowa, viatu, sweta, mzani wa kituo hiki na wa kituo kile: gramu mia mbili mia tatu zinakuja na kuondoka hivihivi. Apimwe bila nguo, mzani uleule ikiwezekana. Na huo mzani ulionunua wa nyumbani, nakuomba uupandishe juu ya kabati. Kumpima kila asubuhi hakumwongezei kitu na wewe kunakumaliza. Niliwahi kusoma habari za Mfaransa mmoja, Guéneau de Montbeillard, aliyempima mwanawe urefu kila baada ya miezi sita hivi, tangu alipozaliwa mwaka 1759 mpaka akawa kijana wa miaka 18. Ni kati ya kumbukumbu za kwanza kabisa za mtoto mmoja kufuatiliwa akikua. Mwendo wa nusu mwaka nusu mwaka ulimtosha kuona jinsi mtoto anavyokwenda mbio, akapunguza, kisha akachomoka tena ujanani.

Kliniki ijayo omba jambo ambalo silioni kwenye picha uliyonitumia: wampime urefu. Uzito bila urefu ni nusu ya habari. Mtoto mfupi kidogo mwenye uzito mdogo kidogo anaweza kuwa amelingana vizuri kabisa. Lakini urefu ukiwa umebaki nyuma sana, huo ni udumavu, na uzito ukiwa mdogo kwa urefu alionao, huo ni ukondefu, na kila kimoja kina tiba yake. Chini ya miaka miwili hupimwa amelala, miguu imenyooshwa, watu wawili wakishirikiana. Akirukaruka wapime tena. Waombe pia wampitishie ule utepe wa mkono. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 12.5 anahitaji kusaidiwa, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja.

Mbavu zisikutishe peke yake. Mtoto mwembamba akinyoosha mikono juu utaziona. Mgeuze umtazame makalio na mapaja: je, yamejaa, au ngozi imelegea na kujikunja kama suruali kubwa? Bonyeza miguu juu ya nyayo kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, achia. Kama pande zote mbili zinabaki na shimo, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mzani unasema amenenepa. Uvimbe huo ni maji na unaficha ukondefu.

Usisubiri tarehe ya kliniki pia ukiona anakataa hata kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, anahara damu au anahara bila kukoma, amelegea au halingani na alivyo siku zote, amepata degedege, anapumua kwa shida, hakojoi kama kawaida, au kikohozi na homa vimedumu huku uzito unashuka. Hapo usinipigie mimi kwanza. Nenda, utanipigia ukiwa huko. Na akiugua kawaida, mafua au kuharisha kwa siku mbili, atapungua, hilo litegemee; mpe vinywaji na mnyonyeshe zaidi, kisha akipona muongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi. Watoto hulipa deni hilo wenyewe wakipewa nafasi.

Anacheza? Anakimbilia mlango akisikia baba yake? Anasema maneno mawili matatu? Umeniandikia yote matatu kwenye ujumbe uleule uliokuwa unalia, sidhani hata uligundua.

Shangazi yake mwachie mumeo amweleze, ni dada yake, atajua namna ya kusema bila kuvunja heshima. Wewe usibishane naye. Akija tena mpe mtoto na bakuli amlishe yeye mwenyewe, ukae karibu, ukapumzike mgongo.

Kliniki ni tarehe 14, sivyo? Nitumie urefu na kipimo cha mkono siku hiyo, nami nitaongeza doti ya sita kwenye karatasi yangu. Nimeibandika pembeni ya kitanda. Na leo usiku, mwanangu, kula na wewe. Ujumbe wako wote ulikuwa wa chakula cha mtoto, hukuniambia wewe umekula nini tangu asubuhi.

Mama yako