Maswali na majibu: Halmashauri, dizeli na ndoto ya bei nafuu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, ikishatangaza bei kikomo za mafuta, simu yangu haitulii. Safari hii nimechagua maswali yanayogusa halmashauri, kwa sababu zile fedha ni zenu. Kama swali lako halimo, kuna uwezekano mkubwa nimeshalijibu na hukusoma.

*Shikamoo mzee. Mimi ni diwani, kipindi changu cha kwanza. Tumeshauriwa tuungane na halmashauri jirani, tununue dizeli ya magari ya taka na ya wagonjwa kwa zabuni moja. Je, tutakuwa tumekwepa kupanda kwa bei? (Diwani, Mkoa wa Tanga)*

Marahaba, mheshimiwa. Hamtakuwa mmekwepa. Nchi nzima inaagiza mafuta kwa pamoja kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kampuni huwasilisha mahitaji yao, Wakala wa Uagizaji Mafuta kwa Pamoja hutangaza zabuni, na wazabuni hushindana kwenye kile kinachoongezwa juu ya bei ya soko: usafiri wa meli, bima na faida yao. Hapo ndipo nafuu inapopatikana. Bei yenyewe ya dizeli inafuata soko la Ghuba ya Uarabuni, inalipwa kwa dola, na soko hilo halijui kama Muheza na Korogwe wameungana. Ndiyo maana Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, uagizaji wa pamoja tulikuwa nao na bei bado ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, hadi serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni mwaka ule. Ukinunua gunia la mchele mwaka ambao mchele umepanda, umeokoa faida ya muuza kilo, lakini mchele bado ni ghali.

Mnachoweza kupata ni punguzo chini ya bei kikomo. Wengi hawajui kwamba kile ni kikomo cha juu tu, na muuzaji yuko huru kushuka. Kwa hiyo mkataba wenu useme "shilingi kadhaa chini ya bei kikomo ya mwezi husika". Msikubali bei moja ya mwaka mzima. Mzabuni anayewapa bei ya mwaka mzima ama ameshapakia hofu yake yote ndani ya bei hiyo, ama bei ikipanda mtamkuta sheli imefungwa na simu haipokelewi.

Halafu kabla ya kuunda umoja mpya wenye vikao na posho, muulizeni afisa ununuzi wenu kwa nini hamtumii ipasavyo GPSA, wakala wa serikali wa huduma za ununuzi, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ya kuzikusanyia taasisi za umma mikataba ya pamoja. Akikujibu kwamba mzabuni hataki kuwahudumia, muulize mnadaiwa kiasi gani. Halmashauri inayolipa baada ya miezi minane haina ubavu wa kudai punguzo, hata ikiungana na mkoa mzima. Mwenye sheli anaujua ucheleweshaji wenu kuliko mweka hazina wenu, na ameshauweka kwenye bei.

*Kwa nini bei ya Tanga haifanani na ya Dar es Salaam wakati meli zinashusha hapa hapa Tanga? (Msomaji, Chumbageni)*

Kwa sababu meli ya Tanga si meli ya Dar. Imeshinda zabuni yake, imefika tarehe yake, na shehena yake ilinunuliwa kwa bei ya siku zake. Ndiyo maana EWURA hutoa hesabu tatu, za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kuna miezi mnaumia na kuna miezi mnawacheka wa Dar, ila miezi ya kuwacheka hamniandikii.

*Bomba la mafuta la kutoka Uganda likikamilika pale Chongoleani, Tanga si tutauziwa mafuta kwa bei ya chini? (Wasomaji wengi mno)*

Hapana. Ni mafuta ghafi, yanatoka Hoima kilomita 1,443, yanapakiwa melini, yanaondoka. Hayaingii kwenye bodaboda. Naomba swali hili lizikwe.

*Nimesoma kwamba Uingereza halmashauri hufunga bei ya umeme na gesi miaka miwili mbele. Kwa nini sisi tunasubiri bei itukute? (Mwanafunzi wa uchumi, Tanga)*

Swali zuri, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu kuna watu wa semina wanapita wakiuza wazo hili bila kueleza upande wake wa pili.

Kule kuna soko la umeme lenye wauzaji wengi. Kaunti ya Kent, kwa mfano, inamiliki chombo kinachoitwa LASER kinachonunua nishati kwa niaba ya taasisi nyingi za umma. Vyombo vya namna hiyo hununua kwa mafungu, miezi mingi kabla ya matumizi: fungu leo, fungu mwezi ujao, jingine baadaye, ili bei ya mwisho iwe wastani. Angalia hapo: hawatafuti bei ya chini kabisa, wanatafuta bei inayojulikana, bajeti ikishapitishwa isiwageuke katikati ya mwaka. Ikitokea soko limeshuka baada ya wao kununua, wanalipa zaidi ya jirani asiyefunga, na diwani wa upinzani anasimama kuuliza nani kala fedha. Na waliokuwa wamefunga kabla ya bei kuruka mwaka 2021 na 2022 walilala vizuri, lakini mkataba uliokwisha katikati ya moto ule ulibidi ufungwe upya kwa bei ya moto.

Huko huko wapo waliojiona wajanja. Jiji la Nottingham lilianzisha kampuni yake ya kuuza umeme, Robin Hood Energy, mwaka 2015. Kufikia 2020 imekufa, wateja wamehamishiwa kampuni nyingine, na hasara ya mamilioni ya pauni imewabaki walipa kodi. Mfano mwingine si wa nishati lakini ndugu yake ni huyo huyo: halmashauri ya Hammersmith na Fulham, London, ilijitosa kwenye mikataba ya kubahatisha riba miaka ya 1980, na mwaka 1991 House of Lords, mahakama yao ya juu kabisa wakati ule, ikaamua halmashauri haikuwa hata na mamlaka ya kuingia mikataba ile. Kwa hiyo mtu akija Tanga na karatasi yenye michoro akasema atawakinga na bei ya dizeli kwa ada ndogo, mwulizeni kwanza sheria gani inawaruhusu kusaini, kisha nani analipa bei ikishuka.

*Na umeme wa taa za barabarani na ofisi? Hauna hatari ya bei? (Mtumishi, Pangani)*

Kidogo sana. Tunanunua kwa TANESCO, bei inaidhinishwa na EWURA, na haibadiliki kila mwezi kama ya mafuta. Hatari ya umeme kwetu ni kukatika. Kipindi cha mgao, matumizi ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, yalishuka na dizeli ya jenereta ikapanda mara dufu, lakini kwenye vitabu zilikaa kwenye mafungu mawili tofauti, na hakuna aliyezijumlisha.

*Mkuu wa idara anasifu mkataba mpya wa mafuta kwamba umetuokolea fedha. Mbona fungu la mafuta limekwisha Machi? (Mhasibu, wilaya nisiitaje)*

Fanya hesabu na mimi. Tuseme mna magari kumi, kila moja lita 80 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni lita 20,800. Punguzo la shilingi 30 kwa lita linawapa 624,000. Sasa asilimia tano tu ya mafuta hayo yakitoka kwa mpira na dumu, ni lita 1,040. Kwa bei ya 2,900, mmepoteza 3,016,000.

Nimewahi kufunuliwa daftari la safari la gari la taka la halmashauri moja. Jumatatu lita 80, Jumanne lita 80, hadi Jumamosi lita 80, kalamu moja, mwandiko mmoja, kilomita zote zinaishia na sifuri. Alhamisi ya wiki ile gari lilikuwa gereji, limeng'olewa giaboksi, na bado lilikunywa 80 zake. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeimba wimbo huu miaka na miaka. Kwa hiyo pangeni bajeti kwa lita kwanza, shilingi baadaye. Chukueni kilomita kwenye dashibodi yenyewe, na anayejaza daftari asiwe yule yule anayeidhinisha. Mkishajua lita zenu halisi, ndipo mwende kwa mzabuni. Ninyi mnataka kubishana naye kuhusu shilingi 30 na hamjui mnatumia lita ngapi.

*Shule yetu ya bweni imeambiwa iache kuni. Kampuni moja iko tayari kutufungia tangi la gesi bure. Tukubali? (Mwalimu, Muheza)*

Hakuna tangi la bure, mwalimu. Gesi ya kupikia haina bei kikomo ya EWURA kama petroli, na mwenye tangi ndiye atakayewajazia, kwa bei anayoitaka, maana mwingine haruhusiwi kugusa valvu yake. Tafuteni shule jirani nne au tano, mwombe bei pamoja kwa kampuni zaidi ya moja, na mkataba ueleze mambo matatu: bei itabadilishwa kwa kanuni gani na kwa taarifa ya siku ngapi, tangi litakuwa la nani baada ya miaka mingapi, na mnaweza kutoka vipi. Kama wamekwishaleta karatasi, nitumie picha yake kabla mwenyekiti wa bodi hajasaini. Kuniletea baada ya kusaini, kama walivyofanya wenzenu, ni kunipa kazi ya kusoma tu.