Kinu Kinachoruka Kipimo Ninachokitaka

SWALI: Ndugu Mhariri, ninacho kinu cha chuma cha kusagia kahawa kwa mkono, ambacho ulaini wa unga wake hurekebishwa kwa nati iliyo chini ya meno, na nati hiyo ina vidato 12 kwa kila mzunguko. Kahawa yangu ni espreso, ninayoitengeneza kwa kifaa cha kukandamiza kwa mkono, gramu 18 kila mara. Nikisaga kwenye kidato cha saba, maji yote hupita kwa sekunde 15 na kahawa huwa chapwa. Nikirudi cha sita, mkono huuma na hutoka matone matupu. Je, naweza kupata kipimo cha kati bila kununua kinu kingine?
Msomaji, Moshi.

JIBU: Unaweza, kwa gharama ya nati moja nyembamba na kipande cha plastiki. Lakini kabla ya kushika spana, kishike kinu chako kikiwa kitupu, uitikise ile koni ya meno ya ndani kwa vidole, kushoto na kulia. Ikiwa inacheza, tatizo lako la kwanza si vidato bali ni bushi au beringi iliyolika, kwa sababu koni inayoyumba husaga upande mmoja unga na upande wa pili chenga, na hapo kipimo cha kati hakitakusaidia kitu.

Ikiwa imetulia, tupige hesabu. Tuchukulie kwamba mhimili una hesi za kawaida za milimita 6, ambazo huisogeza nati milimita 1 kwa mzunguko mzima. Ukigawa kwa vidato 12, kila kidato huipandisha au kuishusha koni kwa milimita 0.083 hivi. Kwa kuwa meno yamelala kimshazari, nafasi iliyo kati yake hubadilika kwa kiasi kidogo zaidi. Mwinamo ukiwa digrii 20 kutoka kwenye mhimili, ni kama theluthi ya hapo, yaani milimita 0.028. Ni kiasi kidogo mno kwa kahawa ya kuchemsha, ila kwa espreso ndiyo tofauti kati ya sekunde 15 na matone.

Wako wanaokimbilia tupa na kuvisawazisha vidato. Mimi sikushauri hivyo: kazi hiyo hairudishiki nyuma, na vumbi la chuma halina nafasi katika chombo cha chakula. Badala yake, kata washa (kipete bapa) nyembamba kutoka kwenye kifuniko cha chombo cha plastiki cha chakula, uiweke kati ya nati na sahani yenye vidato, ili nati izunguke bila kunasa. Springi iliyo juu itaendelea kuisukuma koni iegemee nati kama zamani. Kwa kuwa sasa hakuna kinachoizuia nati kulegea wakati wa kusaga, funga nati ya pili, nyembamba, chini ya ile ya kwanza, ukiishika ya kwanza kwa spana unapoikaza ya pili. Hakikisha mapema kwamba hesi za mhimili zimebaki ndefu kiasi cha kuipokea. Kama zimeishia kwenye nati ya kwanza, njia hii haikufai, na itakubidi umwendee fundi wa kukereza vyuma akuchongee mhimili mrefu zaidi.

Washa hiyo itakuwa imeinyanyua koni, kwa hiyo namba zako za zamani zimekufa. Tafuta sifuri upya: kaza nati kidogo kidogo huku ukizungusha mpini polepole, sikio likiwa karibu, mpaka usikie meno yanaanza kukwaruzana. Tia alama hapo kwa rangi ya kucha, kisha uzungushie ukanda wa karatasi uliogawanywa sehemu 36. Kila sehemu sasa ni digrii 10, yaani theluthi moja ya kidato chako cha zamani. Kati ya saba na sita umepata vituo viwili ambavyo hukuwa navyo.

Kukaza nati ya pili huivuta ya kwanza kidogo, kwa hiyo iangalie alama tena baada ya kukaza. Pia kila unapobadilisha kipimo, saga gramu 2 au 3 uzimwage, maana kati ya meno hubaki unga wa kipimo kilichopita, na utakudanganya kikombe cha kwanza.