Jibu: Sindano ya ganzi ya mgongo itanipoozesha?

Habari dada, pole na wasiwasi. Umeuliza: ikiwa mifupa ya mgongo inalinda mishipa ya fahamu, sindano ya ganzi ya upasuaji wa uzazi inapitaje bila kukupoozesha?

Kwanza, waambie wahudumu mapema kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au una jipu kiunoni. Hilo ni muhimu kuliko yote.

Kamba kuu ya fahamu haifiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia usawa wa pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Mtaalamu hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, kulia na kushoto. Mstari unaoziunganisha hupita karibu na pingili ya 4. Sindano huingia kati ya ya 3 na ya 4, au ya 4 na ya 5. Huko kuna nyuzi za fahamu zinazoelea kwenye maji, na kwa kawaida husogea zikiguswa.

Ndiyo maana utaambiwa ujikunje, kidevu kifuani: miiba ya pingili inaachana, nafasi inafunguka. Ukijinyoosha ghafla sindano inaweza kugonga mfupa. Ukihisi shoti mguuni, sema papo hapo bila kuruka, aisogeze.

Baadaye kichwa kikiuma ukiketi na kupoa ukilala, waambie, kuna tiba.