Kabla hujamwambia mteja betri imekufa

Mdogo wangu unayeanza umeme wa magari, najua haraka yako. Unafungua boneti, betri imelowa, terminali zimeota unga mweupe, na mdomo unakuwasha useme "nunua nyingine". Nami nilisema hivyo kwa mzee mmoja wa teksi, mara mbili ndani ya miezi mitano. Betri ya tatu ilianza kuvuja hata deni la ya pili halijaisha. Mzee hakufoka. Alikaa kwenye benchi la gereji, akanitazama, na mimi mita yangu ya kupimia volti muda wote ilikuwa kwenye begi.

Kwanza linda ngozi na macho. Kinachotoka kwenye betri ni asidi, kwa hiyo vaa glavu na miwani. Koroga magadi ya kuokea kwenye maji, mwagia taratibu, subiri povu litulie, kisha suuza, na vizibo viwe vimekazwa ili magadi yasiingie ndani. Ukifungua terminali, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi. Spana ikigusa bodi huku iko kwenye chanya italipuka cheche, na betri inayochemka hutoa haidrojeni. Mwenye sigara aende akavutie mbali.

Halafu tazama imevujia wapi. Ubavu ukiwa umepasuka, au betri haina kishikilio na inarukaruka kila shimo la barabarani, lawama ni ya betri au ya aliyeifunga. Lakini ikiwa imelowa juu, kuzunguka vizibo, na mbavu zimevimba, hisi chaji imezidi. (Kuna pia saidia fundi anayejaza maji mpaka mdomoni. Wapo wengi kuliko tunavyokiri.)

Sasa mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni kama nusu. Washa injini, pima kwenye terminali: kwa kawaida utapata kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni, upime tena. Ikibaki 12 na kitu, chaji haifiki, na hapo kagua mkanda, fyuzi na plagi ya alteneta (mtambo unaochaji betri injini ikiwaka) kabla hujaishusha. Ikipita 15, betri inapikwa. Usihukumu kwa namba moja tu, maana kuna magari ambayo kompyuta hushusha chaji makusudi betri ikishajaa.

Na ule mtindo wa kuchomoa terminali injini ikinguruma ili "kuona kama alteneta inachaji", uache. Volti huruka ghafla, na unaweza kuua daiodi za alteneta au kompyuta ya gari. Hiyo kompyuta hutaweza kuilipa kwa mshahara wako.

Teksi ya mzee ilisoma 15.6. Nikajiona nimejua: reguleta, kile kidhibiti cha volti cha alteneta! Nikashusha alteneta, nikaweka reguleta mpya, nikawasha. 15.6. Fundi mkuu alikuwa anakunywa chai, akauliza bila kuinuka: "Alteneta inajuaje betri ina volti ngapi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Gari lile lina waya mwembamba unaotoka upande wa betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia plagi ya alteneta. Kazi yake ni kupeleka habari tu. Nikachomeka sindano ya mita nyuma ya plagi, kwenye waya huo, huku injini inawaka: 14.2. Kwenye betri: 15.6. Kwa hiyo reguleta ya kwanza nayo ilikuwa nzima. Ilikuwa inaletewa habari ya uongo, inadhani betri ina njaa, inazidi kuilisha. Nikaufuata waya kwa mkono hadi kwenye kishikilio cha fyuzi, sentimita chache kutoka kwenye betri. Shaba yote ilikuwa kijani. Asidi ya betri ya kwanza ilidondokea pale ikaila, na tangu hapo kila betri mpya niliyofunga ilipikwa mpaka ikavuja, na kila iliyovuja iliongeza kutu palepale.

Nilikata sehemu iliyoliwa, nikalehemu kishikilio kipya, nikapima: 14.2 pande zote mbili. Mzee akauliza zile betri zake mbili ziko wapi. Nilikuwa nimeshaziuza kwa mnunua chakavu. Kazi ya siku ile sikumtoza, na reguleta niliilipia mwenyewe.