Mzee ameacha dawa, asema ni kadari

Dadangu, umeuliza kama una dhambi kumbishia babako, aliyeacha dawa za presha kwa kusema siku yake imeshaandikwa. Huna dhambi, bora ubishe kwa adabu.

Imani yake kuhusu kadari usiiguse, ni nguzo ya imani. Alipoteleza ni pale anapoifanya sababu ya kukaa bure. Mpe kisa cha Khalifa Umar, mwaka 638 au 639. Alikuwa njiani kuelekea Sham, yaani nchi ya Syria na jirani zake, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa huko mbele kuna tauni. Alishauriana na masahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda, sahaba aliyeongoza jeshi huko Sham, akamuuliza: wakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, twakimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Jibu hilo mimi huliona zito kuliko mijadala yote ya wanazuoni, maana linasema kurudi nako kumeandikwa. Basi hata kile kidonge cha asubuhi ni kadari! Nani amemwonyesha babako kwamba kilichoandikwa ni kukiacha?

Na amuangalie nahodha pale Bandari ya Kale, Mombasa: husema inshallah, na tanga hulikagua.

Usimwambie mbele ya wajukuu. Muombe imamu wa msikiti wenu azungumze naye baada ya Isha, wakiwa wawili tu, kisha wewe umpeleke kliniki akapimwe presha. Hilo la kliniki lisingoje wiki ijayo, tafadhali.